Mtoa Chunjua wa Mulongwe

Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, na wengi wao walistahili, lakini sijamdharau mtu kwa moyo mweupe kama nilivyomdharau yule mtoa chunjua aliyekuwa akija Mulongwe, kwetu kando ya ziwa, wakati wa Wabeleji, mimi nikiwa msichana wa miaka kumi na saba. Jina lake sitalitaja. Hata yeye mwenyewe hakulijali sana, maana alikuwa nayo mawili, moja la masoko ya kusini na moja la kwetu. Alitokea upande wa Makobola kwa baiskeli, siku ya soko, na nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga sanduku la mbao alilolichora msalaba kwa rangi nyekundu. Msalaba wenyewe ulikwenda upande.

Akishuka tu, kwanza alivaa koti. Lilikuwa koti jeupe la dispanseri, lililoshonwa kwa ajili ya mtu mnene, na yeye alikuwa mkavu, kwa hiyo alilikunja mikono mara tatu na bado vidole vilionekana ncha tu. Alilivaa polepole, kifungo kimoja kimoja, ili wote tumwone. Watu walinong'ona kwamba aliwahi kufanya kazi katika dispanseri huko kusini. Ni kweli, alifanya. Aliosha chupa. Akaosha chupa miaka miwili, akaondoka na koti, na tangu hapo akawa bingwa wa ngozi za watu.

Kazi zake zilikuwa mbili. Vile vinyama laini vinavyoning'inia shingoni na kwapani kwa watu wazima alivifunga kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, akakaza fundo, akamwambia mwenye shingo arudi soko lijalo. Soko lijalo kinyama kilikuwa kimekauka, cheusi, naye alikinyofoa kwa kucha huku akitazama watu. Hiyo aliiweza, sitamnyima haki yake. Hata mjinga angeiweza.

Chunjua, vile vipele vigumu vya mikononi, ndizo zilizomtoa jasho. Hizo alizipaka maji ya betri ya kamio, yaani lori, kwa ncha ya unyoya wa kuku. Mtu akiruka kwa maumivu, yeye alimshika mkono akasema, "Tulia. Dawa inaongea." Na kila alichokitoa alikitia ndani ya chupa yenye pombe, akaiweka juu ya sanduku mahali pa kuonekana. Chupa ile ilikuwa na takataka za shingo na vidole vya watu wa pwani nzima, zimejaa nusu, zinaelea. Wanawake wenye akili zao, waliolea watoto saba na kuzika wawili, walisogea na kuinama, wakaitafuta chunjua yao ya mwezi uliopita kama mtu anayemtafuta jamaa yake kwenye picha ya ubatizo. Mimi nilisimama pembeni na beseni la mama la ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikawacheka moyoni. Sikujua kwamba zamu yangu iko njiani.

Nilikuwa na chunjua kumi na moja. Tisa mkono wa kulia, mbili wa kushoto. Hazikuuma, na kwa muda mrefu hazikumkera mtu yeyote, mpaka masera, yaani watawa wa misheni iliyokuwa juu kidogo kuelekea milimani, walipotangaza kwamba wanataka wasichana wawili wa kujifunza kazi ya mateniti, yaani kuzalisha. Miaka miwili ya masomo, kulala huko huko, nguo ya bluu, viatu. Msichana awe amemaliza shule yao na ajue kusoma na kuandika. Katika mtaa wetu wa Mulongwe aliyemaliza nilikuwa mimi peke yangu.

Niseme wazi: niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, kabla yake au baada yake. Baba alibeba mizigo bandarini Kalundu na mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Mama aliuza ndagala. Nikiikosa nafasi, ningerudi nyuma ya beseni mpaka apatikane mtu wa kunioa, halafu ningekuwa na beseni langu mwenyewe. Nilikuwa nimeshawaona wanawake wakijifungua vibaya katika vyumba vya giza, na nilikuwa nimemwona masera mkuu wa mateniti akimgeuza mtoto tumboni mwa jirani yetu kwa mikono miwili, taratibu, huku akiongea naye. Nilitaka mikono yangu ijue hivyo.

Basi akaja mke wa katekista. Mama huyu alijua kila kitu ambacho hakuambiwa. Alikuja nyumbani, akaketi, akakishika kiganja changu, akakitazama kama samaki wa jana.

"Na mikono hii," alisema, "masera atakupokea? Utagusa mutoto ya muntu na hii?"

Masera hakuwa amesema neno juu ya chunjua. Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Lakini kwa mke wa katekista jambo likishatoka mdomoni limekuwa sheria, na kufika siku iliyofuata mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba misheni haipokei wenye chunjua. Watu walinihurumia njiani. Mmoja alisema nilizipata kwa kunawa maji yaliyochemshiwa mayai. Mwingine alisema nilihesabu nyota. Ujinga wa watu wetu una bidii ya ajabu. Ungetumika shambani, tungevuna mara tatu kwa mwaka.

Nilianza na dispanseri ya serikali, kama mtu aliyesoma. Infirmie, yaani mwuguzi wa pale, alikuwa mtu wetu, mweusi kama sisi, lakini alikuwa amekwisha kulisahau hilo. Hakuniambia niketi. Aliitazama mikono yangu kutoka ng'ambo ya meza, akarudisha macho kwenye buku lake.

"Chunjua haiko ugonjwa," alisema. "Itaisha yenyewe. Serikali haitoi dawa ya urembo. Ufunge mulango."

Alisema kweli tupu, na alisema kwa mdomo mbaya kiasi kwamba sikumwamini hata neno moja. Nikamtukana njia nzima mpaka nyumbani. Leo namdharau kwa sababu nyingine: angeongeza sentensi moja yenye adabu, leo ningekuwa na kidole kizima.

Siku ya soko mama akanifuata. Ni mimi niliyeamua kwenda kwa yule wa koti, si yeye, na hilo nataka lieleweke. Nilijiambia kwamba ni maji ya betri tu, nitauma meno, nitapona, nitakwenda misheni. Mama aliacha beseni kwa jirani, akaja amejifunga kitenge chenye magamba ya samaki, akasimama nyuma yangu kwenye mstari. Nilimwonea haya. Alinuka ndagala, na mstari ulikuwa na wake wa makarani.

Zamu yangu ilipofika, mtoa chunjua alinikalisha juu ya kigoda, akainua mkono wangu juu ili watu waone kazi ilivyo kubwa.

"Musikie," aliwaambia. "Chunjua iko na jamaa. Iko na mama, iko na watoto, iko na wajukuu. Ukiua mutoto, mama anazaa ingine. Wale ya dispanseri hawajui. Minye ninatafuta mama. Mama akikufa, yote inakwisha."

Watu wakasema eee. Akaanza kunigeuza mkono, akigusa chunjua moja baada ya nyingine na kutikisa kichwa: huyu mtoto, huyu mjukuu. Halafu akafika ubavuni mwa kidole cha mwisho, chini kabisa kinapoanzia. Pale nilikuwa na kijiuvimbe, laini, cha ukubwa wa punje ya maharagwe. Nilikuwa nacho tangu nijitambue. Hakikuwa na magamba, hakikufanana na chunjua zangu hata kidogo, na kukiminya nilisikia kitu kigumu ndani. Sikuwahi kujiuliza ni nini, kama usivyojiuliza habari za kitovu.

"Njo huyu!" akapiga kelele. "Njo mama yao! Muangalie, amejificha!"

Nikasikia mama anasogea nyuma yangu. Aliugusa mkono wa lile koti kwa ncha za vidole.

"Munganga," alisema, kwa sauti ndogo, "ile hapana. Ile iko..."

Mke wa karani mmoja aligeuka kumtazama, kisha akakitazama kitenge. Nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni.

"Mama, unyamaze," nilisema. "Weye unajua nini? Umuache afanye kazi yake."

Mama akanyamaza. Mtoa chunjua akafunga unywele wa mkia wa ng'ombe, akakaza, akaona hauingii, kwa kuwa ndani kulikuwa na gegedu. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Yeye alitoa wembe. Alikata, akakuta pagumu, akakata tena kwa kusukuma, halafu akamimina maji ya betri juu ya kidonda ili, kama alivyosema, mizizi ife. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko na kurudi. Sikulia, kwa kiburi. Damu ilitiririka juu ya koti jeupe, naye akaninyanyulia ile punje mbele ya watu, nyeupe ndani, akaitia chupani. Wakamshangilia.

Tukirudi nyumbani, tulipofika kwenye mto wenye jina moja na mtaa wetu, mama alisimama. Maji ya Mulongwe yalikuwa yamejaa kwa mvua za milimani na tulilazimika kungoja yapungue. Akaniambia akiwa anatazama maji.

"Ile haikuwa chunjua. Ile ilikuwa kidole."

Kwetu mtoto akizaliwa na kidole cha sita, na huzaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyokubali, bibi yake hukifunga kwa uzi katika siku za kwanza. Kinakauka, kinaanguka, kinazikwa, na habari inaishia hapo. Hakuna anayemwambia mtoto, wala jirani, wala baba akiwa safarini, maana maneno ya watu yangemfuata mtoto huyo mpaka uzeeni. Kinachobaki ni kijipunje ubavuni mwa mkono, na watu wote wa pwani wanaovijua vijipunje hivyo wamefundishwa kutoviona. Bibi alinifunga siku ya tatu. Mama alinyamaza miaka kumi na saba kama alivyofundishwa. Siku aliyotaka kuvunja mwiko huo kwa ajili yangu, mbele ya watu, mimi nikamfunga mdomo. Nimesema nimewadharau watu wengi. Siku ile niliongeza mmoja, na huyo alikuwa amevaa gauni langu.

Mkono ulivimba. Ukanuka. Mama aliuosha asubuhi na jioni kwa maji ya moto yenye chumvi, bila kuninung'unikia, nami nilitamani anitukane. Kwenda kwa infirmie sikutaka. Nilimwona tayari akiinua macho kutoka kwenye buku lake. Kidonda kilifunga baada ya wiki nyingi, kwa kovu jembamba linalong'aa, lililokivuta kidole changu cha mwisho kando. Hakikukunjika tena. Nikiosha vyombo kwa sabuni kovu lilipasuka, likatoa damu kidogo, likafunga, likapasuka.

Na chunjua? Mvua zilipokaribia kwisha, chunjua zangu zilianza kukauka. Zikapungua moja moja. Kufika mwanzo wa kiangazi sikuwa na hata moja, na mahali zilipokuwa ngozi ilikuwa laini, kama vile hazikuwahi kuwapo. Zilijiendea zenyewe, kama alivyosema yule mwenye mdomo mbaya. Lakini nani wa kumwambia Mulongwe hivyo? Mke wa katekista alikuja kunipongeza, akashukuru Mungu na koti jeupe kwa pumzi moja.

Soko lililofuata yule mtu mwenyewe aliniona nikipita na beseni. Akaruka, akanishika mkono, akauinua mbele ya mstari wake.

"Muangalie! Kumi na moja! Iko wapi sasa?"

"Ulinikata kidole," nilimwambia, kwa sauti ya kusikika. "Ile haikuwa chunjua. Ilikuwa kidole changu cha kuzaliwa nacho."

Hata hakupepesa macho. "Njo vile," aliwaambia watu. "Mama yao ilikuwa ndani ya kidole. Chunjua iko na akili!"

Walicheka kwa furaha, wakasukumana kumkaribia. Kuna watu ukiwapa ukweli wanaufanya karatasi ya kufungia vitumbua. Nikautoa mkono wangu kutoka kwenye kucha zake nikaenda zangu. Nilijifariji kwamba lililobaki ni misheni tu, na kwamba mikono yangu, pamoja na ujinga wote, ilikuwa sasa safi.

Siku masera alipotuita nilivaa gauni langu la kipaimara, lililokuwa limenibana. Mama alinisindikiza mpaka chini, kwenye geti, akakataa kuingia. Alisema atangoja. Safari hii sikumwonea haya, lakini sikumwambia hivyo.

Kwenye benchi la baraza nilimkuta msichana mmoja, wa Runingu, kule bondeni kwenye mashamba ya pamba. Alikuwa amekuja kwa miguu tangu alfajiri na vumbi lilimfika magotini. Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani. Alikuwa ameshika rozari, na vidole vilivyoishika rozari vilikuwa vimejaa chunjua. Nilizihesabu nikafika nane, na sikuwa nimeuona mkono wa pili.

Moyo wangu ulifurahi, sitaki kusema uongo. Nikasogea kidogo ili nguo zetu zisigusane. Nilijisemea: mshamba huyu hata hakujisumbua. Amekuja kuomba kupokea watoto wa watu na mikono ya chura. Nikakunja mikono yangu juu ya mapaja, ile laini, ili aione, nikakificha kile kidole chini ya mkono mwingine.

Niliitwa kwanza. Masera mkuu alikuwa mzee, mwembamba, mwenye macho ya kuchoka. Alinipa kitabu nikasoma. Akaniuliza maswali, nikajibu, akaitikia kwa kichwa akiridhika, na kwa dakika ile nafasi ilikuwa yangu. Nilivisikia viatu miguuni. Kisha akasema, "Nyosha mikono."

Nikanyosha.

"Kunja vidole."

Tisa vikakunjika. Akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaliona kovu. Hakuhitaji kuelezwa, alikuwa amepokea watoto wa pwani ile kwa miaka mingi.

"Nani alikukata?"

"Mtu wa sokoni, masera."

"Kidole cha sita mimi mwenyewe ninafunga kwa uzi," alisema. "Kinaanguka, kinabaki kidogo tu, hakidhuru mtu. Ulikuwa unaishi nacho vizuri. Kwa nini ulimwachia?"

Aliliminya kovu taratibu na damu ikaonekana kwenye ufa, ile ya vyombo vya asubuhi.

"Hapa tunaosha mikono kwa dawa kali, mara nyingi kwa siku. Hii itakuwa wazi kila siku. Kidonda wazi hakiwezi kuingia kwa mama anayezaa. Utamuua au utakufa wewe. Na mtoto anateleza, binti yangu. Anataka vidole vyote."

"Lakini mikono yangu haina chunjua, masera," nilisema, na sauti yangu ikanishangaza, ilivyokuwa ya kitoto. "Nilikuwa na kumi na moja. Sasa hakuna hata moja."

Alinitazama, kwa kweli hakuelewa.

"Chunjua?" alisema. "Nani aliuliza chunjua?"

Nilitoka nikaketi kwenye benchi. Yule wa Runingu akaingia. Nilisikia anasoma, kwa kusitasita, vibaya kuliko mimi. Kisha akatoka, na mikononi alikuwa amebeba kitambaa cha bluu kilichokunjwa, na uso wake ulikuwa na hofu zaidi ya furaha. Alitaka kupita. Nikamshika nguo.

"Ameona chunjua yako?"

"Ameona. Ameuliza kama inauma. Nimesema hapana. Amesema basi, itaisha."

"Yule muntu wa chupa, wa koti nyeupe, hafikake kwenu Runingu?"

"Anafikaka," alisema. "Nilitaka sana anitoe. Mama yangu alisema hapana."

"Mama yako amesoma?"

"Hapana."

"Na weye ukakubali tu?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni wa Kiswahili.

"Minye ningefanya nini?" alisema. "Iko mama."

Nikamwachia nguo yake. Chini, kwenye geti, mama yangu alikuwa amesimama juani na kitenge chake cha kanisani, na aliponiona natokea akaanza kutabasamu.